Mkoba wa bastola wa jeshi bila bastola yake: jinsi ya kujua ipi inauenea

Vita vikiisha, bastola hurudishwa ghalani, huyeyushwa, huuzwa nchi nyingine au hufichwa darini. Mikoba yake hubaki, kwa kuwa hakuna serikali inayojisumbua kuandikisha kipande cha ngozi. Ndiyo maana ukipita kwenye magulio ya vitu vya kale Ubelgiji na Ujerumani, au kwenye maonyesho ya silaha Marekani, utakuta marundo ya mikoba mitupu ya ngozi na turubai. Ukimuuliza muuzaji ni ya bastola gani, anakujibu tu, "Ya Vita vya Pili."

Mwongozo huu ni kwa aliye na mkoba mkononi, awe ameununua kwenye mitumba ya jeshi au ameukuta sandukuni mwa mzee wake, naye anataka kujua ulishonewa bastola ipi. Na kama bastola hiyo haipatikani au bei yake haishikiki, ni zipi nyingine zinazoweza kukaa humo bila kuuharibu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kwa macho, rula na kipande cha boksi. Bastola huja mwisho kabisa. Anayeanzia kwenye bastola ndiye yule utakayemkuta ameulowesha majini mkoba wa mwaka 1942 ili utanuke, na mkoba ukishafanyiwa hivyo haurudi tena.

Kwanza, sheria

Mkoba mtupu si silaha. Kinachoingia ndani yake ndicho silaha, na hapo kila nchi ina mlango wake.

Marekani, sheria ya shirikisho inaitambua silaha iliyotimiza miaka 50, ikiwa katika hali yake ya asili, kuwa kitu cha wakusanyaji, na mtu anaweza kuomba leseni ya ukusanyaji, daraja la 03, ya kununulia vitu vya namna hiyo. Silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo huhesabiwa kuwa ya kale na hushughulikiwa tofauti. Juu ya hayo kila jimbo lina sheria zake, na baadhi ni kali mno, kwa hiyo uliza kwenye jimbo unaloishi, usimsikilize jamaa yako wa Texas. Uingereza, sheria za mwaka 1997 zilizofuata mauaji ya shuleni Dunblane, Scotland, ziliwapiga raia marufuku kumiliki karibu bastola zote za kawaida, hivyo wakusanyaji wengi huko hujaza mikoba yao kwa bastola zilizozimwa kitaalamu na kupewa cheti.

Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania kuna sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Kote kuwili, raia hamiliki bastola bila leseni, na usijidanganye kwamba uzee wa bastola unakusamehe. Ukikuta bastola halisi kwenye vitu vya marehemu babu, usiizungushe mjini ukitafuta mkoba wake. Iache hapo ilipo, toa taarifa polisi waje. Kwa anayetaka tu kuuonyesha mkoba sebuleni, kipande cha mbao kilichochongwa vizuri kinatosha, nacho kibaki sebuleni: bastola ya mbao iliyofichwa kiunoni barabarani huonekana sawa na ya kweli, na hakuna atakayekusubiri ujieleze.

Hatua ya kwanza: soma mhuri

Fungua kifuniko, geuza mgongo wa mkoba, kisha sogea dirishani. Usitumie mafuta wala maji kusafisha kwa sasa. Mihuri mingi imekandamizwa kwenye ngozi kwa kina kidogo tu, au imepigwa kwa wino, na kitambaa chenye maji kinaweza kuifuta. Tumia tochi, uilaze pembeni karibu na ngozi ili mwanga upite juu ya mhuri kwa mshazari. Herufi ambazo hukuziona zitainuka.

Mkoba wa Marekani ndio rahisi kuliko yote. Juu ya kifuniko kuna herufi US ndani ya duara la yai. Mgongoni kuna jina la kiwanda, na mara nyingi mwaka: Boyt wa 1942 au 1943, Sears, Enger-Kress, Milwaukee Saddlery, Graton & Knight. Huo ni mkoba wa M1916, uliotengenezewa bastola ya Colt M1911 ya kaliba (kipenyo cha risasi) ya .45, na una ndoano ya waya juu ya kuingizia kwenye vijitobo vya mkanda wa turubai. Chini unaning'iniza uzi wa ngozi wa kufungia pajani. Rangi yake ya asili ni hudhurungi. Jeshi lilihamia ngozi nyeusi katikati ya miaka ya 1950, kwa hiyo ukikuta wa 1943 mweusi, ujue ulipakwa rangi baadaye. Si feki kwa sababu hiyo pekee, ila bei yake si ya hudhurungi.

Mikoba ya Uingereza ina mshale mpana unaoelekea juu, alama ya mali ya serikali. Mshale ukiwa ndani ya herufi C, mkoba ni wa Canada. Ukiwa na herufi U, ni wa Muungano wa Afrika Kusini, na hiyo kwetu si ajabu, kwa kuwa wanajeshi wa Afrika Kusini walipita Kenya mwaka 1940 na 1941 kwenda kupigana na Waitalia. Vifaa vya turubai vya mfumo wa 1937 huandikwa kwa wino ndani ya kifuniko. M.E. Co. ni Mills Equipment Company, na pembeni kuna mwaka.

Ujerumani waliandika wazi zaidi na kwa siri zaidi, yote mawili. Wazi, kwa sababu mikoba mingi ina P.08 au P.38 mgongoni, na kazi yako inaishia hapo. Kwa siri, kwa sababu tangu mwanzo wa miaka ya 1940 majina ya viwanda yalibadilishwa na herufi tatu ndogo ili adui asijue wapi pa kupiga mabomu. Pembeni utaona tai na herufi WaA zikifuatwa na namba, yaani mhuri wa mkaguzi wa silaha.

Japani hupiga wino ndani ya kifuniko, na mwaka wake ni wa enzi ya Showa. Jumlisha 1925: Showa 15 ni mwaka 1940. Mikoba ya Kisovieti, hasa ya Makarov, ina mhuri wa wino wenye tarehe, na mingi si ngozi halisi bali kitambaa kizito kilichopakwa dawa kikafanana na ngozi.

Mkoba usio na mhuri wowote usiutupe. Maafisa wa Uingereza walijinunulia mikoba yao kwa washona ngozi, ile ya mkanda wa Sam Browne, yaani mkanda wa ngozi wa afisa wenye ukanda wa kupita begani, na mingi haina mshale kabisa. Hapo ndipo hatua ya pili inapofanya kazi.

Hatua ya pili: chunguza vijifuko na makovu

Fundi wa jeshi hakushona kitu bure. Kila kijifuko kina sababu, na sababu hiyo hukuelekeza kwenye bastola.

Kijifuko kirefu chembamba kwenye ukingo wa mbele ni cha magazini ya akiba, yaani kasha la risasi linalochomekwa kwenye bastola. Maana yake bastola yako ni ya magazini, si rivolva, ile yenye silinda ya risasi inayozunguka. Ukiona pia kijifuko kidogo ndani ya kifuniko, kinachotosha kifaa cha chuma kama bisibisi fupi, hiyo ni Luger P08; kifaa hicho kilitumika kuifungulia na kusaidia kujaza magazini yake ngumu. Kifereji chembamba kilichoshonwa upande wa mbele wa mkoba wa turubai ni cha kijiti cha kusafishia mtutu, na hupatikana kwenye mikoba ya Uingereza ya rivolva ya Enfield. Mkoba wa turubai wa aina hiyo hiyo ukiwa na mfuko wa magazini, ni wa Browning Hi-Power iliyotengenezwa na Inglis mjini Toronto. Vitanzi sita vya risasi mbele, na ukanda mrefu unaoshuka hadi pajani, ni wa askari wa vifaru wa Uingereza. Mkoba mnene uliovimba, wenye kifuniko kinachofunika kila kitu mfano wa ganda la kombe, ni wa Nambu Aina ya 14 ya Japani.

Kisha tia tochi ndani. Mkoba uliotumika miaka mingi hubeba makovu ya bastola yake: mstari mwembamba uliochimbwa na nundu ya kulengea iliyo mwishoni mwa mtutu, mduara uliong'aa ambapo silinda ya rivolva ilikaa, kivimbe ambapo pete ya kifyatulio ilisukuma ngozi. Mduara wa silinda ndio ushahidi ninaouamini kuliko mhuri wowote. Mhuri unaweza kupigwa juzi huko kiwandani kwa watengeneza nakala, lakini kuuchakaza mkoba kwa ndani kwa miaka kumi ya bastola ileile ni kazi ambayo mlaghai hana subira nayo.

Tukiwa kwenye ulaghai: nakala mpya ni nyingi. Nunua taa ndogo ya mwanga wa urujuani, ile wanayochunguzia noti. Nyuzi za kisasa za plastiki, na zile zilizotiwa dawa ya weupe, hung'aa kwa rangi ya buluu chini ya taa hiyo. Uzi wa zamani wa pamba au kitani kwa kawaida haung'ai. Angalizo moja tu: mkoba halisi wa turubai uliowahi kufuliwa kwa sabuni ya unga ya kisasa nao unaweza kung'aa, kwa hiyo angalia uzi uliofichika ndani ya mshono, siyo wa juu.

Na kama mkoba umetoka kwa babu aliyekuwa King's African Rifles, kumbuka askari wa kawaida alibeba bunduki. Bastola ilikuwa ya afisa na wachache wenye kazi maalumu. Mkoba uliokutwa sandukuni mara nyingi utakuwa wa turubai wa mfumo wa 1937, au ni ngawira. Kampeni ya mwaka 1941 ilipita Somalia na Ethiopia zilizokuwa mikononi mwa Waitalia, na bastola ya afisa wa Kiitalia ilikuwa Beretta ya 1934, ndogo. Mkoba mdogo wa ngozi ya kijanikijivu, wenye kijifuko cha magazini mbele, uufikirie huo kwanza.

Hatua ya tatu: pima

Chukua rula nyembamba ya mbao au ya plastiki, siyo ya chuma yenye ncha. Vipimo vinavyohitajika ni vitatu.

Cha kwanza, kina: kutoka ukingo wa mdomo wa mkoba hadi mshono wa chini kwa ndani. Cha pili, upana bapa: laza mkoba mezani bila kuubonyeza, upime ndani kutoka mshono hadi mkunjo, mahali pete ya kifyatulio itakapokaa. Cha tatu, nafasi iliyo chini ya kifuniko: kutoka mdomo wa mkoba hadi mkunjo wa kifuniko kikiwa kimefungwa. Hapo ndipo mpini unapokaa, na ndipo watu wengi husahau kupima.

Upana bapa huwachanganya watu, kwa sababu bastola si karatasi. Ina kimo na ina unene, na ngozi inabidi izunguke vyote viwili. Njia rahisi ni uzi. Zungushia uzi bastola, au mfano wake wa plastiki, mahali penye pete ya kifyatulio, pima urefu wa uzi, gawa kwa mbili. Jibu likizidi upana bapa wa mkoba, haitaingia bila kulazimisha. Likipungua sana, bastola itacheza ndani. Kanuni hii ni ya mikoba laini. Kwenye mikoba migumu iliyoundwa kwa umbo maalumu, kama ya P08, haisaidii kitu: ganda lina umbo moja na halikubali lingine.

Linganisha kina na vipimo hivi vya bastola zinazojitokeza zaidi. Namba ya kwanza ni urefu wote, ya pili ni mtutu, kwa milimita, na ni za kukaribia:

Colt M1911A1: 216 na 127.
Luger P08: 222 na 100.
Walther P38: 216 na 125.
Browning Hi-Power: 200 na 119.
Tokarev TT-33: 195 na 116.
Makarov PM: 161 na 93.
Beretta 1934: 152 na 94.
Webley Mk VI: 286 na 152.
Enfield No. 2: 260 na 127.
Nagant 1895: 235 na 114.

Ona jinsi urefu wote unavyodanganya. M1911 na P38 zinalingana kwa urefu, lakini P38 ina mtutu mwembamba uliochomoza mbele na sehemu ya juu iliyo pana nyuma, wakati M1911 ni bapa mwanzo hadi mwisho. Ndiyo maana hatuishii kwenye namba.

Hatua ya nne: kata boksi

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Tafuta picha ya bastola iliyopigwa upande, isiyo ya mshazari, yenye urefu unaojulikana. Ikuze hadi urefu wake uwe sawa na wa kweli, ichapishe, ibandike kwenye boksi gumu, ukate kwa kufuata ukingo. Kisha ongeza tabaka za boksi, ukizibandika kwa gundi, hadi ufikie unene wa bastola. Silinda ya rivolva ihesabu peke yake. Kwa Webley na Enfield ndiyo sehemu nene kuliko zote, nayo ndiyo inayokwama kwanza.

Ukimaliza una bastola ya boksi isiyo na hatari, isiyohitaji leseni na isiyokwaruza ngozi. Itie ndani ya mkoba taratibu. Unaweza kutengeneza tatu au nne jioni moja, za bastola unazozishuku, na kuzijaribu zote kabla ya kutumia senti yoyote. Wenye maduka ya mafunzo ya usalama Marekani na Ulaya huuza pia bastola za plastiki ngumu za rangi ya buluu zinazofanana kwa vipimo na za kweli. Hizo ni bora kuliko boksi, ila za bastola za zamani ni chache. M1911 na Hi-Power utazipata kwa urahisi, Nagant usitegemee.

Hatua ya tano: tafuta ndugu za bastola

Sasa unajua mkoba ulishonewa nini. Kama hiyo haipatikani, angalia ukoo wake.

Ukoo wa M1911 ni mkubwa, na aliye na mkoba wa M1916 ana bahati. Kila nakala ya kisasa ya M1911 yenye mtutu wa milimita 127 itaingia, isipokuwa zile zenye reli ya kufungia taa chini ya mtutu. Reli hukwama mdomoni na kuchana ngozi. Kongsberg ya Norwe, iliyotengenezwa kwa kibali cha Colt, ni ileile. Ballester-Molina ya Argentina na Star B ya Hispania zina umbo la karibu sana na kwa kawaida hukaa vizuri. Colt Commander, yenye mtutu mfupi kidogo, inaingia na kuzama. Hi-Power nayo inaingia, lakini inacheza.

Luger haina ndugu wa kweli. Umbo la mpini wake uliolala na kifundo cha juu havifanani na kitu. Mkoba wa P08 hautaki P38, wala ganda la P38 halitaki Luger, ijapokuwa wauzaji huziandika pamoja. Lazima pia mtutu uwe wa milimita 100: Luger ya wanamaji ina 150, na ya kikosi cha mizinga ina 200, kila moja na mkoba wake. Asiyeweza bei ya Luger anaweza kutazama bastola za .22 za Erma, zenye sura ya Luger. Ni ndogo kidogo, zitalegea, ila kwa kabati la kioo zinatosha. Kwa P38, ndugu ni P1 ya jeshi la Ujerumani Magharibi, karibu pacha. Jihadhari tu kwamba mikoba ya P1 ya baada ya vita huuzwa kwa jina la vita na bei ya vita.

Kwa mikoba ya Uingereza ya mfumo wa 1937, Enfield No. 2 na Webley Mk IV ya kaliba ya .38 hubadilishana bila shida. Smith & Wesson za .38 zenye mtutu wa inchi tano, zilizopelekwa Uingereza wakati wa vita, nazo zilibebwa humo. Webley Mk VI ya .455 ni ndefu na nene zaidi. Hiyo itafutie mkoba wa ngozi wa Vita vya Kwanza.

Mkoba wa Makarov ni miongoni mwa ile ya bei nafuu sokoni, kwa sababu uzalishaji ulikuwa mkubwa katika nchi kadhaa za kambi ya Mashariki. Zinazoingia ni Makarov za nchi zote, P-64 ya Poland, na Walther PPK. Walther PP ina urefu wa 170, bado inakubalika kwenye mkoba laini. CZ 82 ya Chekoslovakia ni nene kwa kuwa magazini yake ina safu mbili. Hiyo isukumwe tu kama mkoba tayari umelegea. PA-63 ya Hungaria, yenye 175, kifuniko hukataa kufunga.

Tokarev nayo ina ukoo: Aina ya 54 ya China, TTC ya Romania, na nyingine za Hungaria na Poland. M57 ya Yugoslavia ndiyo inayowatega watu. Mtutu na sehemu ya juu ni sawa, lakini mpini wake ni mrefu kwa sababu hubeba risasi tisa badala ya nane. Ndani inaingia vizuri kabisa, halafu kifuniko hakifiki kwenye kishikizo. Ndiyo sababu nilikuambia upime nafasi ya chini ya kifuniko. Kuna pia mkoba wa Kisovieti wa wakati wa vita ulioshonwa makusudi upokee Nagant na Tokarev, kwa sababu zote mbili zilikuwa vitani pamoja. Huo ukiupata, umepata chaguo mbili.

Nambu ya Japani haina jamaa. Nunua Nambu au weka boksi.

Mauser C96, ile ya kasha la mbao, nitaigusia haraka. Kasha lile hufungwa nyuma ya mpini likawa kitako cha bega, na hapo Marekani sheria hubadilika: bastola yenye kitako ni aina nyingine ya silaha. Baadhi ya C96 za asili zikiwa na kasha la asili zimeondolewa kwenye masharti hayo, lakini kuunganisha kasha la kuiga na bastola yoyote ni jambo la kumwuliza mwanasheria kabla, si baada.

Hatua ya sita: jaribu kwa bastola ya kweli

Toa magazini. Vuta sehemu ya juu nyuma, au fungua silinda, ukaangalie chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, kwa macho na kwa kidole. Ondoa risasi zote chumbani, siyo tu kwenye bastola. Ndipo uanze.

Bastola iingie kwa uzito wake na msukumo wa kidole kimoja. Ikihitaji kiganja, simama. Pete ya kifyatulio ifunikwe yote. Ikibaki nje, bastola hiyo si ya mkoba huo, hata kama inapendeza. Funga kifuniko na usikilize: kisibonyeze nyundo, wala kisisukume kifungio cha usalama. Fungua tena, angalia kama kifungio kimebaki ulipokiacha. Rudia hilo mara kadhaa, kwa sababu kifungio kilichohama mara moja kitahama tena. Mwishowe, kifuniko kikiwa kimefungwa, pindua mkoba juu ya godoro na utikise. Kama bastola inagonga mshono wa chini kwa mdomo wa mtutu kila ukitikisa, uzi wa zamani hautadumu. Weka kitambaa cha pamba chini, au uachane nayo.

Na usibebe bastola yenye risasi kiunoni kwa mkoba wa miaka themanini. Jeshi la Marekani lilikuwa na utaratibu wa kubeba M1911 chemba ikiwa tupu, na mikoba yake ilishonwa kwa fikra hiyo: kulinda silaha na vumbi na mvua. Ngozi iliyokauka na kishikizo kilicholegea havijui jambo lingine.

Ikiwa imeenea

Wazo la kwanza la wengi ni kuiacha bastola humo humo na kuiweka kabatini. Usifanye hivyo. Ngozi ya zamani ina tindikali za kutengenezea ngozi na hunyonya unyevu wa hewa, hivyo chuma hupata kutu upande uleule unaogusa ngozi, hasa kwa sisi wenye asili ya pwani tunaojua chumvi ya hewa inavyofanya kazi. Zionyeshe pamoja kwa wageni, halafu zitenganishe: bastola kwenye sanduku lake la chuma lenye kufuli, mkoba mahali pakavu pasipo na jua.

Mkoba uliobana kidogo usiuloweshe wala kuupaka mafuta ya ngozi kwa wingi. Mafuta mengi hulainisha ngozi hadi ikapoteza umbo, na huozesha uzi. Mkoba unaomwaga unga mwekundu vidoleni umeshaoza ndani. Huo hauingizwi kitu chochote, hata boksi. Ukitokea utando wa kijani kwenye vishikizo vya shaba, ukwangue kwa kijiti cha meno cha mbao, taratibu. Kisha jaza ndani karatasi nyeupe isiyo na tindikali, kwa kiasi cha kurudisha umbo la bastola tu, ukifunge kifuniko bila kukivuta, na uibadilishe karatasi hiyo inapoanza kugeuka njano.